Saa Kumi na Sita za Dada Mkubwa

Barua ya Baraza ilipomfikia, Dada Mkubwa aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaitupa juu ya mafaili ya wateja na kusema peke yake, "Hawa watu wana wazimu." Aliyesema hivyo alikuwa mwanasaikolojia mwenye leseni, mwaka wa ishirini na moja kazini, mwenye ofisi yake ghorofa ya pili: viti viwili vya kuegemea, zulia, saa ya ukutani isiyopiga kelele, na boksi la tishu ambalo halijawahi kuisha bila jingine kuwa tayari kabatini. Watu wa kazi yake hawalitumii hovyo neno wazimu. Siku hiyo alilitumia hovyo, tena mara mbili.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Kuanzia mwaka huo, hakuna mwanasaikolojia atakayepewa leseni mpya, wala kuongezewa muda wa ile aliyonayo, kabla hajamaliza saa arobaini za mafunzo ya uraibu: ishirini na nne darasani, na kumi na sita katika nyumba ya nafuu, yaani nyumba wanakoishi watu walioamua kuachana na pombe na dawa, chini ya msimamizi atakayetia saini kila saa kwenye daftari. Sababu ilielezwa bila kupakwa mafuta. Baraza lilikuwa limegundua kwamba wengi wenye leseni wakiletewa mlevi humwambia akaache kwanza, ndipo arudi atibiwe.

Hapo ndipo palipomchoma, maana ilikuwa kweli. Alikuwa na sentensi yake ya kusemea hivyo, ya upole, yenye tabasamu mwishoni, na alikuwa ameitumia kwa watu wasio na idadi. Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa damu, yule wa mwisho, ambaye nyumbani kwao wote walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yao.

Kitinda alizaliwa Dada Mkubwa akiwa na miaka kumi na mitano. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni, yeye ndiye aliyemfundisha kusoma, na mama alipofariki, yeye ndiye aliyemchukua kijana mwenyewe, sanduku lake na hasira zake. Kitinda akaja akaanza kunywa. Alikunywa miaka tisa. Kwa miaka hiyo tisa Dada Mkubwa alimfuata kwenye vilabu, akamwogesha, akamdanganyia kwa mabosi wake, akamfungia mara mbili kwenye chumba cha wageni na kulala mlangoni. Kisha siku moja, bila kumuaga mtu, Kitinda akaingia kwenye nyumba ya nafuu kwa miguu yake. Alikaa miezi sita, akatoka hanywi. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne tangu aguse tone la mwisho.

Dada gani asingeshukuru? Alishukuru, hilo tusimnyime. Ila chini ya shukrani kulikuwa na kitu kingine, na sioni kwa nini nikifunike: alikuwa anaona gere. Kitinda alikuwa akija kula kwake Jumapili, na kila baada ya tonge tatu angesema, "Dada kasema," au, "Dada ana msemo wake." Mara ya kwanza Dada Mkubwa aliuliza, "Dada yupi?" Kitinda akajibu huku anatafuna, "Wa kule nyumbani." Kule nyumbani! Nyumbani ni wapi kama si hapa, kwenye meza hii, mbele ya mtu aliyekufuta kamasi?

Huyo dada wa kule alikuwa mwanamke ambaye zamani alifundisha michezo shuleni, akanywa mpaka akafukuzwa, akaacha, akasomea ushauri wa waraibu, na sasa ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba. Watu walimwita Filimbi, kwa sababu filimbi aliyoipata uwanjani haikumtoka: bado aliivaa shingoni. Dada Mkubwa hakuwahi kumwona, lakini alikuwa amekwisha kumchukia kwa utaratibu mzuri, kila Jumapili kidogo kidogo.

Sasa basi, Baraza likampangia nyumba gani akafanyie saa zake kumi na sita? Ileile.

Angeweza kuandika barua akaomba kubadilishiwa, na angebadilishiwa. Hakuandika. Alijiambia ni kwa sababu leseni yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi na muda ulikuwa hauruhusu. Mtu aliyesoma saikolojia hujidanganya kama mimi na wewe, ila kwa maneno mazuri zaidi.

Saa za darasani alizimaliza akiwa wa kwanza kwenye mtihani. Kisha Jumanne moja akaenda kwenye nyumba ya nafuu, kavaa suti yake ya kijivu, daftari jipya mkononi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, rangi imebabuka, viatu vimepangwa mlangoni kwa mstari ulionyooka kabisa. Filimbi alimpokea mwenyewe. Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, ana mvi upande mmoja tu wa kichwa, na mkono wake ulikuwa mgumu.

"Karibu, Daktari."

"Asante. Kabla hatujaanza, sheria inanitaka nikwambie. Nina mtu wangu anayehudumiwa hapa. Mdogo wangu."

"Najua. Paji la uso ni lilelile." Filimbi alicheka. "Yeye kikundi chake ni Alhamisi mchana. Kwa hiyo wewe Alhamisi mchana usionekane. Siku nyingine zote ni zako."

"Anaendeleaje?"

"Hilo ni lake, Daktari. Muulize mwenyewe."

Dada Mkubwa aliijua sentensi ile neno kwa neno. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa akiwapa mama za watu, waume wa watu na shangazi za watu, pale mlangoni mwa ofisi yake, na hakuwahi kujua ina ladha gani.

Saa kumi na moja za kwanza zilikuwa za kukaa kwenye vikundi, kwenye kiti cha pembeni, bila kuandika wala kufungua mdomo. Alizimaliza kwa kuuma meno. Kila aliyezungumza pale alimtaja Filimbi, na kila alipotajwa, Dada Mkubwa alimtazama kwa jicho la pembe atafute kosa. Alimkuta na makosa mengi. Alikatiza watu maneno. Alicheka mahali ambapo kitabu kinasema usicheke. Mtu mmoja alipolia, hakumsogezea tishu, alimwambia, "Lia, ukimaliza nenda kaoshe sufuria, leo ni zamu yako." Na yule mtu akalia, akamaliza, akaenda kuosha sufuria huku anapiga mluzi. Dada Mkubwa alikasirika siku nzima.

Saa tano za mwisho zilikuwa za simu. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ni utaratibu wa nyumba ile peke yake. Kila aliyetoka pale, kwa miaka miwili ya mwanzo, hupiga simu kila asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu. Akipokelewa anasema neno moja: "Nipo." Anayepokea anajibu: "Nipo." Wanakata. Ukutani kuna karatasi kubwa yenye miraba, kila mtu ana namba yake, na kila "nipo" inawekewa alama ya vema. Anayejifunza hukaa kwenye simu ya mezani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, muda wa saa moja kila siku.

"Na hapa ndipo wenzako wa leseni wanapofelia," Filimbi alimwonya. "Usiulize swali. Hata moja."

"Hata hali?"

"Hata hali. Mlevi ukimuuliza swali asubuhi, kabla ya chai amekwisha kukudanganya. Usipomuuliza, hana haja."

"Mimi kazi yangu ni maswali."

"Ndiyo maana Baraza limekuleta kwangu," alisema Filimbi, na Dada Mkubwa akatamani kumzabua kofi, kistaarabu tu.

Kwa Kitinda, Filimbi alikuwa amepanga mapema: wiki hiyo atapiga kwenye simu ya Filimbi mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, si kwenye simu ya mezani. Hakulitaja jina. Lakini Jumatatu, saa moja kasoro dakika tano, simu ile ndogo iliita, Filimbi akaipeleka sikioni, akasema, "Nipo," akakata, kisha akaenda kuweka alama kwenye namba thelathini na moja. Hesabu hiyo haikuhitaji leseni. Kuanzia hapo macho ya Dada Mkubwa hayakutoka kwenye mstari wa thelathini na moja. Miezi na miezi ya alama za vema, bila hata mraba mmoja mtupu. Kila asubuhi, siku zote hizo, mdogo wake alikuwa amefungua macho na mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mwanamke huyu. Yeye alikuwa akipigiwa Jumamosi jioni, aulizwe kesho kuna chakula gani.

Jumatano bomba la jikoni likapasuka. Mtu alipiga kelele, Filimbi akatoka mbio, na simu yake ya vitufe ikabaki dirishani.

Ikaita.

Dada Mkubwa aliiangalia. Hakuinuka kwa nia ya kuipokea, alitaka kuona tu, ndivyo alivyojiambia. Kwenye kioo kidogo palikuwa na namba anayoijua bila kufikiri, na juu ya namba hiyo, maneno mawili: *Mdogo Wangu*.

Mdogo wa nani? Angemwandika kwa jina, sawa. Angemwandika thelathini na moja, sawa pia. Lakini huyu mtu asiye na tone la damu yao alikuwa amechukua maneno ambayo Dada Mkubwa peke yake ndiye aliyekuwa na haki nayo, akayaweka kwenye kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira. Kidole kikabonyeza.

"Nipo, dada," alisema Kitinda.

Sauti ilikuwa nyepesi na safi, sauti ya asubuhi ya mtu asiyeficha kitu. Mara ya mwisho Dada Mkubwa kuisikia sauti ile, Kitinda alikuwa na miaka minane. Alichotakiwa kujibu kilikuwa neno moja.

"Umelalaje?" akasema. "Umekula? Mbona sauti yako iko chini?"

"Dada Mkubwa?"

"Ndiyo, mimi. Niambie ukweli tu, sitagomba. Uko sawa?"

Simu ikakatwa. Alisimama pale anasikiliza mlio wa kukatwa, kisha akaingia kwenye orodha ya simu zilizopokelewa, akaifuta ile ya mwisho, akarudisha simu dirishani vilevile ilivyokuwa imelazwa. Mtu wa miaka hamsini na moja, mwenye vyeti ukutani! Filimbi aliporudi, ameloa mpaka magotini, akauliza, "Waliopiga?"

"Watatu. Nimewawekea alama."

"Na hii yangu?"

"Haijaita."

Filimbi alimtazama kidogo, akatazama ukuta, akapiga simu mwenyewe. Haikupokelewa. Saa moja na nusu ilipogonga, namba thelathini na moja ilikuwa na mraba mtupu.

Alhamisi asubuhi, mtupu. Ijumaa asubuhi, mtupu. Ijumaa hiyo Filimbi alikuwa na filimbi yake mdomoni muda wote, anaitafuna bila kuipuliza, na chai yake ilipoa mezani na ngozi juu. Saa ilipotimia alivuta daftari la Dada Mkubwa, akasaini mstari wa kumi na sita, akapiga muhuri.

"Umemaliza, Daktari. Hongera. Sasa nisamehe, kuna mahali nataka kwenda."

"Ni mdogo wangu, siyo? Hajapiga siku tatu. Na jana kwenye kikundi alikuja?"

Filimbi alikuwa amekwisha kushika mlango.

"Basi nitakwenda mimi," alisema Dada Mkubwa. "Mimi ndiye ndugu yake."

Filimbi alifikiri. Aliyekuwa mbele yake ni dada wa mtu, hakuwa na namna ya kumzuia. "Ukimkuta," akasema, "usimuulize kitu. Kaa naye tu. Na unipigie."

Dada Mkubwa akatoka. Na sasa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisema mpaka baadaye siku hiyohiyo. Aliposhuka ngazi za nyumba ile, moyo wake ulikuwa mwepesi. Hofu ilikuwepo, ndiyo, ilikaa mahali pake. Lakini juu ya hofu kulikuwa na furaha. Ameteleza! Pamoja na filimbi yake yote na miraba yake na "nipo, nipo," Kitinda ameteleza, na mtu atakayemwokota ni yuleyule wa siku zote. Alipita kwake, akaahirisha wateja wote wa siku hiyo, akatandika shuka safi kwenye chumba cha wageni, akatia kwenye begi taulo, nguo za kubadilisha, chupa ya maji na vidonge vya kichwa. Alikuwa anafunga zipu ya begi alipogundua kwamba anaimba.

Aliacha kuimba. Lakini begi alilibeba.

Chumba alichopanga Kitinda kilikuwa na kufuli. Jirani, mama mmoja anayeanika nguo, akamwambia Kitinda katoka mapema kwenda kazini kama kawaida. Dada Mkubwa alitabasamu kwa huruma. Majirani hudanganywa. Akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya masofa ambako Kitinda alikuwa ameajiriwa tangu miezi mitano iliyopita, akiwa ameandaa kichwani namna ya kumwombea msamaha kwa bosi. Alikuwa na uzoefu nayo, aliijua kama wimbo wa shule.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mpana wa bati, sponji zimepangwa mpaka darini, vumbi la mbao hewani. Katikati sofa limelazwa chali, miguu juu, na nyuma yake Kitinda amepiga magoti, nyundo mkononi, misumari midogo imejaa mdomoni kama wafanyavyo mafundi wa kazi hiyo. Alimwona. Hakuweza kusema kitu kwa sababu ya misumari. Akanyanyua nyusi tu.

Dada Mkubwa alimwendea haraka, akamkumbatia pale chini, akaweka pua kwenye shingo yake. Gundi. Kitambaa kipya. Jasho la kazi. Akavuta tena. Sabuni. Akamwachia, akamtazama macho: meupe. Akatazama mikono: imetulia tuli.

Kitinda alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, bila haraka.

"Umeninusa," akasema.

"Nimekukumbatia."

"Umenikumbatia, halafu umeninusa. Mara mbili. Na umekuta sinuki." Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama fundi anavyotazama kiti kilichopinda. "Sasa mbona uso umekushuka?"

"Uso gani?"

"Huo ulio nao. Umesikitika, Dada Mkubwa. Umenikuta mzima na umesikitika."

Katika kazi yake alikuwa na sentensi mia moja za kutokea mahali kama hapo. Aliitafuta mojawapo. Nyundo mbili nyingine zilikuwa zikigonga upande wa pili wa karakana, na yeye alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na begi lenye taulo, na hakuna hata moja iliyokuja.

"Ndiyo," akasema.

Kitinda aliweka nyundo chini.

"Nilifurahi, Kitinda. Nilipoona hujapiga nilifurahi. Nimetandika na kitanda." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nilitaka nikukute chini. Niwe mimi."

"Mimi nilidhani mmekaa mkakubaliana," alisema Kitinda polepole. "Jumatano nimepiga kwa dada, nikasikia wewe. Nikasema basi, amenigawa. Ameona nina ndugu daktari, amenikabidhi. Nikaona sina pa kupiga tena. Siku hizi zote nimezivuka peke yangu. Jana jioni nilisimama mbele ya duka la pombe mpaka mwenye duka akaniuliza nasubiri nani."

"Hakukugawa. Alikwenda kufunga bomba, nikapokea. Nikafuta kwenye simu yake asione."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu amekuandika Mdogo Wangu."

Kitinda akakaa chini kabisa, mgongo kwenye sofa, akaipanga ile misumari kwenye sakafu, vichwa upande mmoja. Alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Dada Mkubwa kuliko hasira.

"Unajua, nikiwa chini unanipenda mpaka basi. Hakuna mtu aliyewahi kupendwa na dada yake kama nilivyopendwa mimi nikiwa nimelala kwenye matapishi. Nikisimama, hujui unishike wapi. Unanizungukazunguka tu. Jumapili nakuona, unanitazama mikono kama inatetemeka. Nakuja kula nakuta nimekuja kupimwa."

Dada Mkubwa alitoa simu yake, akampigia Filimbi, na mbele ya mdogo wake akamweleza yote, kuanzia dirishani hadi kwenye kitanda kilichotandikwa.

"Yuko salama?" Filimbi aliuliza.

"Yuko salama. Anafanya kazi."

"Basi la kwanza limekwisha. La pili ni daftari. Saa zako zote kumi na sita nazifuta, Daktari, na Baraza nitaliandikia sababu."

"Najua. Nalileta leo."

"Leseni yako je?"

"Itasimamishwa."

Alisema "itasimamishwa" kwa sauti ya kawaida, kisha akalisikia neno hilo mwenyewe. Wateja wake wote, viti vyake viwili, jina lake mlangoni. Ingebidi awapigie mmoja mmoja, na kila mmoja angeuliza sababu.

"Raundi nyingine inaanza mwezi ujao," alisema Filimbi. "Kama utaomba kuja kwangu tena, sitakukataa. Kama utaomba kwingine, nitaelewa. Sasa nipe mdogo wangu."

Alisema vilevile, *mdogo wangu*, bila kutafuta neno jingine, na Dada Mkubwa akanyoosha mkono akampa simu. Kitinda aliinuka nayo, akasogea hatua tatu, akampa mgongo. Alinong'ona kitu. Akasikiliza. Kisha akaangua kicheko, kicheko cha tumboni, mabega yakimtikisika, na Dada Mkubwa, palepale alipokuwa amekaa kwenye vumbi, na leseni imekwenda na uongo wake wote umewekwa hadharani, akasikia roho inamuuma upya, kali kama ya siku ya kwanza. Kuungama hakukuwa kumemponya hata kidogo. Hilo nalo lilimshangaza, yeye ambaye huwaambia watu kuwa kusema ni nusu ya kupona.

Kitinda alirudi akamrudishia simu.

"Anasemaje?" Dada Mkubwa aliuliza, kisha akajishika mdomo. "Basi, usiniambie." Akavuta pumzi. "Bado nawaonea gere. Hata sasa hivi mlivyokuwa mnacheka. Nimeona nikwambie, usije ukadhani imekwisha."

"Najua," alisema Kitinda. "Umekunja uso mpaka mafundi wenzangu wameona." Akaitazama saa, akalitazama sofa. "Mwenye hili anakuja mchana. Mwenzangu wa kunishikia kaenda kufuata gundi. Vua hilo koti uje huku."

Alivua koti la suti, akalitupa juu ya begi, akaenda. Kitinda alimwekea ncha ya kitambaa mikononi, kitambaa kizito cha rangi ya ugoro, akamwonyesha mahali pa kubana kwenye ukingo wa mbao. Yeye akazunguka upande wa pili, akajaza misumari mdomoni, akaanza kugongelea. Dada Mkubwa alishika kwa nguvu zake zote. Aliona mkunjo unatokea upande wake, akauvuta uondoke, akavuta tena, na mistari ya kitambaa yote ikakimbilia kwake.

Nyundo ikanyamaza. Kitinda akachungulia juu ya miguu ya sofa, akaitoa misumari mdomoni.

"Sijakwambia uvute," akasema. "Nimekwambia ushike tu."